Gundi ilishika, kiwanda kikaachia: kisa cha lignini ya Sunila

Mwezi Juni 2023 kampuni ya Stora Enso ilitangaza kwamba inakusudia kukifunga kabisa kiwanda chake cha Sunila, mjini Kotka, kusini-mashariki mwa Ufini. Habari kubwa ilikuwa rojo la karatasi na ajira za watu wapatao 250. Lakini ndani ya uzio uleule kulikuwa na mtambo wa kutoa lignini, kitu kinachoshikanisha nyuzi za mti, wenye uwezo wa tani 50,000 kwa mwaka, mmoja wa mikubwa duniani kwa kazi hiyo, na soko lililolengwa mapema kwa unga wake wa kahawia lilikuwa gundi za plaiwudi. Rojo lilipokoma, lignini nayo ikakoma.

Ni rahisi kukisoma kisa hiki juu juu na kusema gundi ya mimea ni ndoto ya maabara: walijaribu, wakashindwa, wakafunga. Mimi nakisoma vingine. Kwenye sufuria ya gundi lignini ilifanya kazi yake. Kilichoanguka ni kiwanda mama, na naona kuna sababu ya kimaumbile inayofanya mitambo ya lignini ivutwe kwenye viwanda vya namna hiyo hiyo, vile vilivyo karibu na kufungwa kuliko wenzake. Ili tufike huko lazima kwanza tuingie jikoni.

Lignini ndiyo inayoshikanisha nyuzi za selulosi ndani ya mti; bila hiyo shina lingelegea. Ni kati ya asilimia 20 na 30 ya uzito wa mti mkavu, na katika misonobari na jamaa zake huwa karibu na kiwango cha juu. Imejengwa kwa pete za atomi zinazofanana na fenoli, kemikali ya msingi ya gundi, na hapo ndipo watengenezaji wa gundi walipotega macho. Gundi inayotumika kwenye plaiwudi ya nje, ile inayostahimili mvua na jua, ni resini ya fenoli na fomaldehaidi, ukoo uleule wa bakelaiti, ile plastiki ngumu ya Leo Baekeland wa mwaka 1907. Fenoli inatoka kwenye benzini, benzini inatoka kwenye mafuta ghafi. Ikimwagika ngozini inaunguza na ni sumu. Kama mti una fenoli yake ndani, kwa nini tuinunue kwa wachimba mafuta?

Swali ni zuri, na jibu lake ni refu kuliko linavyoonekana.

Lignini haichimbwi peke yake. Karibu yote inayofaa gundi ya aina hii inatoka kwenye viwanda vya rojo vinavyotumia njia ya kraft, iliyobuniwa na Carl Dahl na kupewa hataza mwaka 1884. Vipande vya mti vinachemshwa ndani ya soda kostiki na salfaidi ya sodiamu kwa nyuzi joto karibu 170. Nyuzi zinaachiana na kuwa rojo. Lignini inayeyuka na kutoka na maji meusi. Maji hayo yanakaushwa hadi yawe mazito kama lami, kisha yanachomwa kwenye boila maalumu. Boila hiyo inafanya kazi mbili: inarejesha soda na salfaidi ili zitumike tena, na inatoa mvuke unaoendesha kiwanda kizima. Kwa hiyo mtu anayeiita lignini takataka za kiwanda cha karatasi hajawahi kuona hesabu za kiwanda hicho. Lignini ni kuni zake.

Na hapa ndipo ubunifu uitwao LignoBoost ulipoingia. Uliendelezwa nchini Uswidi na watafiti wa chuo kikuu cha Chalmers na taasisi ya Innventia. Sehemu ya maji meusi inachepushwa kabla ya kufika kwenye boila, kisha inapulizwa hewa ukaa. pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, inashuka kutoka karibu 13 hadi karibu 10, na lignini inaanza kuganda na kujitenga. Inakamuliwa kwenye mashine ya kuchuja. Waliotoa lignini zamani walikuwa wakiiosha hapohapo kwenye chujio, na walipata tabu: kadiri chumvi zilivyopungua, lignini ililainika, ikaziba chujio, na nyingine ikayeyuka upya. LignoBoost inaikoroga tena keki hiyo ndani ya maji yenye asidi salfuriki, pH karibu 2.5, kisha inaikamua mara ya pili na ndipo inaioshea. Hatua hiyo moja ya kukoroga upya ndiyo iliyogeuza uvumbuzi wa karatasini kuwa biashara. Mtambo wa kwanza wa kibiashara uliwashwa mwaka 2013 kwenye kiwanda cha Domtar huko Plymouth, North Carolina, Marekani. Sunila ukafuata mwaka 2015, kwa uwekezaji uliotangazwa wa yuro milioni 32.

Sunila wenyewe ulikuwa mzee. Ulifunguliwa mwaka 1938, na majengo yake na nyumba za wafanyakazi yalichorwa na Alvar Aalto, jambo linalowafanya wapenzi wa usanifu waujue kuliko wapenzi wa gundi. Uwezo wake wa rojo ulikuwa karibu tani 375,000 kwa mwaka. Kiwanda kipya cha Äänekoski, cha Metsä Group, kilichofunguliwa nchini humo humo mwaka 2017, kinatoa tani milioni 1.3.

Uamuzi mmoja wa Sunila unastahili sifa. Lignini yake haikulazimika kusubiri wateja wa gundi. Kila kiwanda cha kraft kina tanuri ya chokaa, sehemu ya mfumo wa kurejesha kemikali zake, na ya Sunila ilikuwa ikila gesi asilia. Lignini iliyokaushwa ikawa kuni za tanuri hiyo na kuondoa sehemu kubwa ya gesi. Maana yake ni kwamba siku ya kwanza tu mtambo ulikuwa na mnunuzi, na mnunuzi huyo ni kiwanda chenyewe. Tani yoyote ambayo mtengeneza gundi hakuitaka ilikuwa na thamani ya gesi iliyookolewa. Miradi mingi ya kemikali za mimea hufa ikingoja mteja wa kwanza. Huu haukuwa na shida hiyo.

Sasa tufike kwenye sufuria.

Pete ya fenoli ina nafasi tatu ambazo fomaldehaidi inaweza kujishika, kisha kutoka hapo pete moja inaungana na nyingine hadi wavu mzima ugande. Kipande cha kawaida cha lignini ya msonobari, kiitwacho guayasili, kimebakiwa na nafasi moja tu: nyingine zimekaliwa na mnyororo wa pembeni na kundi dogo la atomi liitwalo methoksi. Na hata hiyo moja, mara nyingi imeshazibwa wakati wa kuchemsha rojo. Miti ya majani mapana ni mibaya zaidi kwa kazi hii, kwani lignini yake ina pia vipande vya siringili, ambavyo havina nafasi hata moja. Sunila, uliokuwa ukipika misonobari na misprusi, ulikuwa upande wa heri. Hilo halikuwa jambo dogo, na mtu anayetaka kuiga mradi huu kwa kutumia mikaratusi aanze kwa kulitafakari.

Mpishi wa resini anaanza na maji na soda kostiki. Unga wa lignini unamiminwa polepole huku kikorogeo kikizunguka, maana ukimwagwa kwa pupa unafanya madonge, nje yamelowa na ndani makavu, na povu linapanda. Vumbi lake likitanda hewani linaweza kulipuka, kwa hiyo mahali pa kumimina panahitaji mfumo wa kunyonya vumbi na nyaya za kutuliza umeme tuli. Kiwanda kilichozoea fenoli ya majimaji, inayopita ndani ya bomba, hakina vitu hivyo. Kisha inakuja fenoli, halafu fomaldehaidi kwa mafungu, kwa sababu mmenyuko wenyewe unazalisha joto na ukiuacha unakimbia. Mnato unapimwa mara kwa mara. Gundi ikifika mnato unaotakiwa inapozwa upesi, la sivyo itaganda ndani ya sufuria na kazi itakayobaki ni ya patasi.

Tatizo la lignini ni kwamba mnato unamdanganya mpishi. Kwenye gundi ya fenoli tupu, mnato ukipanda ni dalili kwamba molekuli zinakua na viungo vinaongezeka. Lignini inaingia ikiwa tayari ni molekuli kubwa. Mnato unapanda mapema, kipimo kinasema gundi imeiva, kumbe viungo vya kushikana bado ni vichache. Mpishi anayefuata kipimo cha zamani atatoa gundi nzito isiyokomaa: inapakwa kwa shida kwenye tabaka za mti, haipenyi vizuri, na kwenye presi, kwa nyuzi joto za kawaida za kati ya 120 na 140, inataka muda mrefu zaidi. Kwenye kiwanda cha plaiwudi muda wa presi ndio pesa. Meneja hatakusikiliza habari za hali ya hewa kama umemwongezea sekunde kwenye kila ubao.

Kuna njia za kuikomboa lignini. Unaweza kuitanguliza na fomaldehaidi peke yake ili ile nafasi iliyobaki ishikwe kabla fenoli haijaingia. Unaweza kuichemsha na fenoli kwanza, ijipachike pete mpya zenye nafasi tatu. Unaweza kuivunja iwe molekuli ndogo, au kuichuja na kuchukua zile ndogo tu. Kila njia inafanya kazi maabara, na kila njia inaongeza sufuria, saa na mafuta. Viwandani walichagua lililo jepesi: badilisha sehemu tu ya fenoli, rekebisha soda na ratiba ya joto, basi. Gundi ya WISA BioBond ya kampuni ya UPM, ya Ufini pia, inabadilisha nusu ya fenoli kwa lignini. Latvijas Finieris ya Latvia, wakongwe wa plaiwudi ya mbetula, nao waliingiza lignini kwenye gundi yao. Hizi ni bidhaa zilizo sokoni, kwenye ubao unaolala sakafuni mwa malori.

Mtihani wa kuingia soko hilo hauna huruma. Chini ya kiwango cha Ulaya EN 314, plaiwudi ya daraja la nje, yaani la tatu, inakatwa vipande vidogo, vingine vinachemshwa kwa saa 72, kisha vinavutwa hadi vikatike. Kama gundi ilistahimili nguvu ya nyutoni 1 kwa milimita ya mraba, imefaulu bila maswali. Ikiwa chini ya hapo, mkaguzi anaangalia mahali palipokatika: je, ni gundi iliyoachia, au ni mti uliochanika? Kipande chenye nguvu kati ya 0.6 na 1 lazima kioneshe angalau asilimia 40 ya nyuzi za mti kwenye jeraha. Chenye kati ya 0.4 na 0.6, asilimia 60. Chenye kati ya 0.2 na 0.4, asilimia 80. Kwa maneno mengine, gundi inaruhusiwa kuwa dhaifu mradi mti uwe dhaifu zaidi yake. Naupenda mtihani huu kwa kuwa hauulizi gundi imetoka kwenye mti au kwenye kisima cha mafuta.

Rangi haikuwa kikwazo. Resini ya fenoli ni nyekundu iliyokolea tangu mwanzo, na mstari wa gundi kwenye plaiwudi ya nje ni wa kahawia hata bila lignini. Kwenye gundi nyeupe za fanicha habari ingekuwa nyingine.

Basi, kama gundi ilifaulu, Sunila uliangushwa na nini? Magogo. Kotka si mbali na mpaka wa Urusi, na Ufini kwa miaka mingi iliagiza sehemu ya miti yake kutoka ng'ambo ya mpaka huo. Baada ya uvamizi wa Ukraini mwaka 2022, Stora Enso ilisitisha manunuzi hayo, na Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku mbao za Urusi. Viwanda vyote vya Ufini vikageukia misitu ileile ya ndani, bei ya magogo ikapaa, na kiwanda chenye gharama kubwa kuliko wenzake ndicho huanza kuzama. Kampuni ilitaja gharama za miti na faida duni. Sioni sababu ya kutafuta siri zaidi ya hapo.

Hebu tupige hesabu ya haraka kuona kama lignini ingeweza kukiokoa. Njia ya kraft inageuza chini kidogo ya nusu ya mti mkavu kuwa rojo. Kwa tani 375,000 za rojo, Sunila ulihitaji takriban tani 800,000 za mti mkavu. Robo na ushee ya huo ni lignini: zaidi ya tani 200,000 zilikuwa zikipita kwenye mabomba yake kwa mwaka, na mtambo ungeweza kuchukua 50,000 tu, zilizobaki ni za boila. Ina maana kwamba kwa kila tani saba na nusu za rojo, kiwanda kilikuwa na tani moja ya lignini ya kuuza au kuchoma, hata mtambo ukifanya kazi mwaka mzima bila kupumzika. Tuseme tani ya lignini ingeuzwa kwa bei ileile ya tani ya rojo. Bado ni nyongeza ya asilimia 13 kwenye mauzo, ilhali bili ya magogo, ambayo ndiyo gharama kubwa kuliko zote katika kazi hii, imepanda juu ya tani 800,000. Mkia haubebi ng'ombe.

Sasa ile sababu ya kimaumbile niliyoitaja. Nani ananufaika zaidi kwa kutoa lignini kwenye maji meusi? Kiwanda ambacho boila yake imefika kikomo, kwa sababu kupunguza kuni kunaipa boila nafasi ya kupitisha maji meusi zaidi, na hivyo rojo zaidi, bila kujenga boila mpya. Au kiwanda ambacho bado kinanunua gesi kwa ajili ya tanuri yake. Vyote viwili ni sifa za kiwanda cha zamani. Äänekoski ilijengwa na boila kubwa ya kutosha, tanuri yake inakula gesi inayotokana na magome, na umeme wa ziada inauza. Kwake kila kilo ya lignini inayochepushwa ni umeme uliopotea. Hivyo hoja ya kifedha ya mtambo wa lignini ni nzito zaidi palepale ambapo hoja ya kubakiza kiwanda wazi ni nyepesi zaidi. Mtengeneza gundi anayekwenda sokoni anakutana na wauzaji wa aina hii bila kujua kwa nini wako hivyo.

Lazima niongeze kwamba picha hii inabadilika. Metsä Group na kampuni ya mitambo ya Andritz walitangaza kujenga mtambo wa majaribio wa lignini hapohapo Äänekoski. Kiwanda kipya kinapoanza kuiona lignini kama bidhaa, si kuni tu, hesabu yangu ya hapo juu inalegea. Lakini bei italazimika kushinda bei ya umeme, na hilo mtengeneza gundi atalilipia.

Wateja wa unga wa Sunila walibaki na nini? Mtu atasema wanunue lignini ya kiwanda kingine. Laiti ingekuwa soda au chumvi. Lignini ya kiwanda kimoja ina alama ya miti yake, ya muda wa kuchemsha, ya namna ilivyooshwa, ya majivu yaliyobaki. Ukibadilisha muuzaji, ratiba ya sufuria inabadilika, mnato unaanza kudanganya kwa namna mpya, na vipande vinarudi kuchemshwa saa 72. Kilichowakinga ni ule uamuzi mnyenyekevu wa kubadilisha sehemu tu ya fenoli. Sufuria ileile, presi ileile. Lignini ikikosekana, unaongeza fenoli na ubao unatoka siku hiyohiyo. Wazo la kuondoa fenoli na fomaldehaidi zote kwa mpigo linavutia zaidi, na Stora Enso yenyewe ilikuwa na gundi isiyo na fomaldehaidi iliyoitwa NeoLigno. Fomaldehaidi iliwekwa mwaka 2004, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu, kwa hiyo hamu ya kuachana nayo ina msingi. Ila kiwanda kilichojifunga kwa lignini asilimia mia hakina pa kurudi muuzaji akizima mitambo.

Kinga hiyo ina bei yake pia. Kitu kinachoweza kuondolewa kwenye sufuria kwa siku moja hakina nguvu kwenye meza ya mkataba. Mafuta yakishuka, fenoli ikawa rahisi, lignini inaachwa nje. Na muuzaji wa lignini, akilijua hilo, anaanza kutazama kwingine. Stora Enso ilitazama kwenye betri. Mwaka 2021 ilifungua mtambo wa majaribio Sunila hapohapo, wa kugeuza lignini kuwa kaboni ya anodi, yaani ncha hasi ya betri, na mwaka uliofuata ikatangaza ushirikiano na Northvolt, kampuni ya betri ya Uswidi, ambayo iliwasilisha ombi la kufilisika nchini Uswidi Machi 2025. Kama mambo yangekwenda walivyopanga, watengeneza plaiwudi wangekuwa wanagombea unga uleule na watengeneza betri, na sidhani wangeshinda.

Kwa mtu anayepanga kuingiza lignini kwenye gundi yake, maswali ya kawaida ni majivu kiasi gani, unyevu kiasi gani, molekuli zina ukubwa gani. Ayaulize yote. Lakini kabla hajakaa kwenye meza ya kemia, aombe kujua boila ya muuzaji ina umri gani, tanuri ya chokaa inachoma nini, magogo yanatoka wapi na kuna njia ya pili ya kuyapata au la. Kisha apike bechi zake za majaribio kwa lignini ya viwanda viwili tangu mwanzo, hata kama kimoja kina bei mbaya, na aandike ratiba ya sufuria inayovumilia zote mbili, ingawa itakuwa na asilimia ndogo ya lignini kuliko ile angeweza kuitangaza kwa fahari.